Vipande vya kiini vinapata wapi mzunguko wakati kiini chenyewe kimetulia? Mwanafunzi kanibana

Mwalimu wa Ujiji

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Ujiji, huu mwaka wa kumi na mbili. Mada ya mpasuko wa nyuklia huwa naimaliza kwa vipindi viwili. Nyutroni inaingia, kiini cha urani kinatikisika, kinarefuka kama kibuyu, shingo inakatika, vipande viwili vinarushwa huku na huku, nyutroni mbili tatu zinachoropoka, nishati MeV 200 (elektronivolti milioni 200), futa ubao. Miaka yote hiyo hakuna aliyenisumbua.

Alhamisi binti mmoja wa kidato cha sita, baba yake mvuvi wa Katonga, akanyoosha mkono. "Mwalimu, vile vipande vikiruka vinazunguka, au vinakwenda tu?" Nikamjibu kwa ile sauti yetu ya walimu kwamba haviwezi kuzunguka, maana kiini kilichopasuka hakikuwa kinazunguka, na momentamu ya mzunguko haizuki hewani. Akakaa. Ijumaa kaja na mambo aliyoyasoma kwenye simu ya kaka yake: kuna jaribio lilifanyika Orsay, karibu na Paris, likachapishwa kwenye jarida la Nature Februari 2021. Kila kipande kinatoka kikizunguka, tena si kidogo.

Nikajitetea haraka: sawa, basi kimoja kinazunguka kulia na kingine kushoto, kipimo kilekile, ukijumlisha unapata sifuri. Akanisomea mstari uliofuata. Mzunguko wa kipande kimoja hauna uhusiano na wa mwenzake. Darasa likaguna. Nikawaambia tutaendelea Jumatatu.

Jumamosi nikajaribu nyumbani. Nikapasha mawese kidogo maana asubuhi yalikuwa mazito, nikachanganya maji na spiriti kwenye glasi mpaka tone la mawese likakubali kusimama katikati, halizami wala halielei, jekundu kama jua la jioni upande wa Kongo. Nikalivuta kwa njiti mbili za kiberiti. Likarefuka, likapata shingo, shingo ikakatika, hata kitone kidogo kikabaki katikati. Picha ya kitabuni kabisa. Lakini hakuna kilichozunguka. Mke wangu akapita akauliza kama nimeanza uganga.

Sasa naomba msaada. Ukianza na sifuri, ukaishia na vitu viwili vinavyozunguka bila kujuana, hesabu inafungaje? Na nani hasa aliyevizungusha?

Kijana wa Mwisho wa Reli

Mwalimu, mwambie swali hilo halitoki NECTA, yaishe 😂

Ila kwa akili yangu ya kawaida: si ile nyutroni inayoingia? Ikigonga kiini pembeni badala ya katikati inakizungusha, kama mpira ukipigwa ukingoni. Kikipasuka, kila kipande kinaondoka na fungu lake.

Asali ya Sikonge

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, habari za Ujiji. Mimi niko Tabora, Sikonge, na mizinga yangu. Kabla ya nyuki nilikaa miaka minne Ulaya kwenye maabara ya fizikia ya nyuklia, na kazi yangu kubwa kule, nikisema kweli, ilikuwa kuamka usiku kujaza naitrojeni ya kimiminika kwenye vitambuzi vya jemaniamu, vile vinavyonasa miale ya gama. Nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukilala ukapitiliza, kitambuzi kinapata joto na kazi ya wiki inakwenda na maji. Nimewahi kupitiliza. Kwa hiyo miale ya gama naifahamu kwa taabu zake.

Kijana, wazo lako si baya, ila linakwama mahali pamoja. Kuna kiini kinaitwa kaliforniamu-252. Hiki hakihitaji nyutroni ya kukigonga, kinapasuka chenyewe, na kabla ya kupasuka spini yake, yaani mzunguko wake, ni sifuri kamili. Hakuna aliyekigusa pembeni wala katikati. Vipande vyake navyo vinatoka vikizunguka, na kwa kiasi kilekile cha vingine. Jamaa wa Orsay walikipima hicho pamoja na thoriamu-232 na urani-238 walizozipiga kwa nyutroni. Nyutroni inaongeza kidogo, lakini si yenye hiyo kazi.

Kiasi chenyewe: spini tunaihesabu kwa ħ, yaani h ya Planck ikigawanywa kwa 2π. Kipande kimoja kinatoka na wastani wa ħ 6 au 7. Kwa kitu chenye upana usiofika femtomita 15 (femtomita moja ni mita 10⁻¹⁵), huo ni mzunguko wa haja.

Tunajuaje? Hakuna aliyekiona kipande kikizunguka. Tunachokiona ni ngazi ambayo kipande kinashukia. Chukua bariamu-144, moja ya vipande vinavyotoka mara kwa mara. Ikiwa na spini 6 inashuka hadi 4 kwa kutema gama ya keV 431 (elektronivolti elfu 431). Kutoka 4 hadi 2, gama ya keV 331. Kutoka 2 hadi 0, keV 199. Angalia namba zinavyopungua kadiri mzunguko unavyopungua. Hiyo ndiyo alama ya kitu kinachozunguka kikipunguza mwendo. Kila hatua inaondoka na ħ 2. Kwenye skrini yangu zile tatu zilikuwa zinasimama kama nguzo za simu. Ukihesabu ni vipande vingapi vinaingilia ngazi juu na vingapi vinaingilia chini, unakadiria vilianza na spini gani. (Tena ni bariamu ileile! Desemba 1938 wanakemia Hahn na Strassmann waliikuta ndani ya urani yao kule Berlin wasielewe imefikaje, mpaka Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch, wakiwa Uswidi Krismasi hiyo, wakafahamu kwamba kiini kimegawanyika kama tone. Kwa hiyo mawese yako, Mwalimu, yana ukoo mzuri.)

Sasa kwenye hesabu yako. Umeweka wadaiwa wawili, kumbe wako watatu.

Wewe ni mtu wa ziwa, ngoja niseme kwa lugha ya ziwa. Ile mitumbwi miwili inayofungwa pamoja kwa miti kuvulia dagaa, ikae majini imetulia tuli. Fungua kamba, halafu mtu asukume kwa mti kutoka mtumbwi huu kwenda ule, lakini mti ukae mshazari: upande huu umegusa karibu na omo, upande ule karibu na tezi. Mitumbwi yote miwili itageuka upande mmoja! Mwanafunzi atasema hapo sheria imevunjwa. Haijavunjwa. Tazama vizuri: mitumbwi haiachani kwa mstari ulionyooka, inaachana kwa kupishana kidogo, kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Kule kupishana nako ni momentamu ya mzunguko, inayohesabiwa kwa mfumo mzima, na inakwenda kinyume cha mizunguko miwili ya mitumbwi. Jumlisha vitatu hivyo, sifuri inarudi.

Mti ukiwa umenyooka lakini umewekwa omo pande zote mbili, mitumbwi inageuka kinyume, mmoja kulia mmoja kushoto, na kupishana hakuna. Hiyo ndiyo picha uliyompa binti. Ipo, lakini si peke yake. Na mti ukigusa katikati ya mtumbwi mmoja na omo ya mwingine, mmoja unageuka sana, mwingine karibu umetulia. Kumbe mahali mti unapogusa huku hapakuambii lolote kuhusu unapogusa kule. Ukitazama mtumbwi mmoja tu huwezi kubashiri wa pili unafanya nini, na bado hakuna deni lisilolipwa. Anayelipa ni yule wa tatu.

Utauliza kupishana kwa kiasi gani kunatosha. Nimepiga hesabu sasa hivi nyuma ya risiti ya nta. Vipande vya masi 96 na 140, nishati ya mwendo MeV 170. Kila femtomita moja ya kupotoka pembeni inabeba kama ħ 21 au 22. Kwa hiyo kulipa ħ 6 unahitaji kupotoka femtomita 0.3 tu, na nusu kipenyo cha vipande vyenyewe ni femtomita 5 hadi 6. Hakuna kinachokatika kwa unyoofu kuliko huo. Cha kushangaza kingekuwa visizunguke.

Mwalimu wa Ujiji

Sikonge, ubarikiwe. Shikamoo nimeipokea, marahaba, nina miaka arobaini na tisa na mgongo unanikumbusha kila asubuhi.

Hapo kwa mdaiwa wa tatu umenifungua macho. Miaka kumi na mbili nachora mishale miwili iliyonyooka kama rula, kumbe kosa liko kwenye rula.

Limebaki la pili. Mti umeukuta wapi? Ndani ya kiini hakuna mvuvi. Na mawese yangu mbona hayakuzunguka?

Asali ya Sikonge

Mawese yako hayakuzunguka kwa sababu uliyavuta taratibu, na yananata kwenye majimaji yanayoyazunguka. Hata kama yalipata kamzunguko, kalikufa kabla hujapepesa macho. Kiini hakina kitu pembeni cha kukipunguza mwendo, na kukatika kwake kunachukua muda wa kama sekunde 10⁻²¹.

Mti uko wa aina tatu, na ndipo wataalamu wanapogombana.

Wa kwanza: kabla shingo haijakatika, protoni na nyutroni zinapita huku na kule ndani yake, kama watu kwenye daraja jembamba. Kila inayopita inampa aliyeko upande ule msukumo mdogo wa pembeni. Misukumo mingi midogo isiyo na mpangilio inajikusanya, na vipande vinaanza kuyumba vikiwa bado vimeshikana.

Wa pili ni wa kwanta, na huu binti yako ataupenda. Kipande kinapoachwa si mviringo kamili, kina umbo la peasi, na kimebanwa kikae kwenye mstari wa mpasuko. Kukibana mwelekeo ni kama kukibana mahali kwa kanuni ya Heisenberg: unavyobana pembe, ndivyo spini inavyotawanyika. Kibane ndani ya nyuzi kama 5 huku na huku, geuza ziwe radiani 0.09, moja gawanya kwa mara mbili ya hiyo, unapata kama ħ 5 na nusu. Bila mtu yeyote kusukuma! Kipande kilichonyooka kabisa hakiwezi kuwa na spini sifuri. Niliposikia hili mara ya kwanza nilikataa kwa siku mbili.

Wa tatu ni umeme. Vipande vyote vina chaji chanya, vinachukiana, na peasi iliyokaa upande ikisukumwa na chaji ya mwenzake inageuzwa. Huu unafanya kazi baada ya kukatika.

Sasa watu wa Orsay waliona mambo mawili. La kwanza ni hilo la vipande kutojuana: waliposhika kipande kilichotoka na spini kubwa, spini ya mwenzake haikubadilika. La pili mimi naliona zuri zaidi. Ukichora wastani wa spini kwa masi ya kipande, mchoro si mstari, ni meno ya msumeno. Inapanda, inaanguka ghafla karibu na masi 130, inaanza kupanda tena. Wanaojua habari za nyutroni zinazotoka kwa kila kipande wanaukumbuka msumeno kama huo tangu zamani. Hapo kwenye 130 yupo stani-132 (stani ni bati), protoni 50 na nyutroni 82, kiini kigumu cha mviringo kisichotaka kuvutwa. Kikivutwa kidogo kinatema nyutroni chache na kinazunguka kidogo. Vile vinavyokubali kurefuka, vinavyobaki na mkia mrefu wa shingo, ndivyo vinazunguka sana.

Wakahitimisha kwamba mzunguko unazaliwa baada ya shingo kukatika, kila kipande kivyake, kikiuvuta mkia wake ndani.

Kijana wa Mwisho wa Reli

Basi imekwisha, ni baada ya kukatika. Mwalimu kaandike.

Asali ya Sikonge

Polepole Kijana, hapo ndipo nisipokubali.

Rudi kwenye mitumbwi. Mti wangu ulisukuma wakati mitumbwi inagusana, yaani kabla haijaachana, na bado mizunguko yake haikujuana. Kwa hiyo kutojuana peke yake hakukuambii saa ya kuzaliwa. Mwaka uleule wa 2021 wanafizikia Jørgen Randrup na Ramona Vogt kule California walionyesha hivyo kwa hesabu: waliruhusu ule msongamano wa kupita darajani uzungushe vipande kabla ya kukatika, ile namna ya kugeuka upande mmoja na ile ya kugeuka kinyume zikichanganyika, na uhusiano kati ya spini mbili ukatoka mdogo mno, karibu haupo. Zile namna mbili zinafutana. Halafu kuna kundi la Aurel Bulgac kule Seattle wanaofuata kiini chote kwa milinganyo ya kwanta kwenye kompyuta kubwa, nao wana maoni yao kuhusu pembe kati ya spini mbili.

Mimi sikatai kipimo cha Orsay. Kipimo ni safi, na kuhesabu gama kwa usafi ule najua kunavyotesa. Nakataa neno "kwa hiyo". Ukitaka kujua saa, pima pembe kati ya mizunguko, si ukubwa wake tu.

Fundi Redio, Mwanga Sokoni

Nawasoma tangu jana nikiwa na redio ya mteja mkononi. Swali la mtu wa kawaida: hii inamsaidia nani? Urani tunayo Namtumbo, balbu haijawaka.

Asali ya Sikonge

Swali halali, Fundi. Kipande kinachozunguka lazima kitue mzunguko wake, na kinautua kwa gama. Mpasuko mmoja wa urani-235 unatoa gama kama 7 papo hapo, jumla MeV 7 hivi kati ya zile 200. Ni chache, lakini zina tabia mbaya: vipande vinasimama palepale ndani ya fueli ya tanuri la nyuklia, gama inapita inakwenda kupasha vyuma vya mbali. Anayesanifu tanuri lazima ajue joto hilo litatua wapi. Akikosea idadi ya gama, chuma kinapata moto kuliko alivyopanga.

Zaidi ya hapo sina. Mengine ni raha ya kujua tu.

Mwalimu wa Ujiji

Wakuu, nimerudi, Jumatatu imepita.

Mitumbwi sikuipata, nikachukua vifuniko viwili vya ndoo ndogo na beseni la kufulia la mama watoto. Kila kifuniko nikakikata vijino ukingoni kwa kisu cha moto. Kati yake nikaweka springi ya kalamu, nikafunga vifuniko kwa uzi mpaka springi ikabanwa, maji yakatulia, halafu binti akaunguza uzi kwa kiberiti. Yeye ndiye aliyetaka kuunguza badala ya kukata. Akasema mkasi utasukuma, moto hausukumi.

Springi ikiwa mshazari: vifuniko vyote vikageuka upande mmoja, na vikapishana kama Sikonge alivyosema. Kupishana kwenyewe ni kudogo, nusu ya darasa hawakukuona mpaka tukatandaza kanga ya mistari chini ya beseni. Springi ikiwa imenyooka pembeni: vikageuka kinyume. Mara ya tatu akaweka springi kwenye kijino cha katikati upande mmoja na cha pembeni upande wa pili, kifuniko cha kushoto kikaondoka kimetulia kama mzee wa kanisa, cha kulia kikazunguka mpaka kikagonga ukuta wa beseni.

Darasa lilinyamaza. Binti akaenda ubaoni bila kuombwa, kwenye mchoro wangu wa mishale miwili akafuta mishale, akaichora tena ikiwa imepishana kidogo, juu yake akaandika L, alama ya ile momentamu ya kupishana. Mchoro haujafutwa mpaka leo, mwalimu wa historia aliandika pembeni yake.

Kuhusu saa ya kuzaliwa nimewaambia wakubwa bado wanabishana. Mmoja akauliza kama NECTA inakubali jibu hilo. Kijana, nadhani ni mdogo wako.

Sikonge, sasa niambie: hiyo asali lita tano ni shilingi ngapi, na ukiipakia treni ya kuja Kigoma itafika bila kifuniko kuzunguka?

Asali ya Sikonge

Kwa walimu naongea vizuri. Njoo inbox. Dumu nalifunga mwenyewe kwa mpira wa baiskeli, na nalipakia limesimama.